Ukitaka risiva, isome mgongo kabla ya uso

Najua niliahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, lakini hifadhidata itasubiri. Mwezi mzima huu swali ninaloulizwa zaidi hapa Kinondo halihusu programu hata kidogo. Linahusu sauti. "Ninunue risiva gani ili sebule yangu iwe kama sinema?" Leo anauliza jirani, kesho binamu, keshokutwa mtu ambaye sikumbuki tulijuana wapi. Ukishasoma sayansi ya kompyuta, watu wa kwenu huamini kwamba kila kitu chenye waya ni chako, kuanzia simu hadi pampu ya kisima!

Basi nitajibu mara moja, hapa, ili nikiulizwa tena nitume kiungo na kuendelea na kazi.

Jibu langu halina jina la kampuni. Ni hili: igeuze mashine, usome mgongo wake. Uso wa risiva umetengenezwa kwa ajili ya muuzaji. Una taa, una kioo cheusi, una kitufe kikubwa cha kuzungusha na vibandiko vya rangi ya dhahabu. Mgongo haukupambwa na mtu. Umeandikwa mashine inataka stima gani, inakula kiasi gani, inapokea nini na inatoa nini. Sisi waandika programu tukiletewa kifaa cha mtu mwingine hatuulizi tangazo lake linasema nini, tunauliza: kinapokea nini, kinarudisha nini, na kinahitaji nini ili kifanye kazi? Risiva imeyajibu maswali yote matatu, ila imeyajibu upande ambao umeelekezwa ukutani.

Nasisitiza kwa sababu pesa zinazopotea hapa ni za watu wasio na nyingine. Mjomba wangu mmoja alifanya kazi hotelini Diani miaka mingi, na mwaka huu amepata kiinua mgongo chake. Sehemu kubwa imekwenda kwenye mabati na karo. Sehemu ndogo amesema ni yake mwenyewe, akae na mkewe jioni watazame filamu. Masikio yake si yale ya ujana. "Mwanangu," aliniambia, "milio ya bunduki naisikia mpaka kifuani. Maneno ndiyo siyasikii." Dukani alikuwa ameonyeshwa seti yenye "wati 12,000" na taa zinazocheza. Pesa ya namna hiyo haiji mara mbili, wala hakuna mshahara wa mwezi ujao wa kusahihisha.

Risiva ni nini hasa?

Tuelewane kwanza. Tangu Kenya ihamie runinga ya dijitali mwaka 2015, wengi wakisikia "risiva" hufikiria king'amuzi. Siyo hiyo. Risiva ninayoisema ni lile sanduku zito linalopokea sauti kutoka kila chombo (king'amuzi, TV, DVD, kompyuta, simu), likaifumbua, likaipa nguvu, kisha likaigawa kwa spika: hii yako, hii yako, hii yako. Spika haziko ndani yake. Unazinunua kando na kuzichagua mwenyewe.

Mgawanyo uliozoeleka huitwa 5.1. Spika tatu ziko mbele (kushoto, katikati, kulia), mbili ziko ubavuni au nyuma yako, na ile ".1" ni subwufa ya ngurumo tu. Kwenye majumba ya sinema mpango huu ulienea kidijitali na Dolby Digital, iliyoanza mwaka 1992 katika filamu ya Batman Returns, na mwaka 1993 wapinzani wao DTS wakaja na Jurassic Park. Miaka zaidi ya thelathini imepita na 5.1 bado ndiyo inayotawala majumbani. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba ukinunua 5.1 umenunua uzee.

Haya, tuigeuze mashine.

1. Kibandiko cha stima

Soma hapa kabla ya kitu kingine chochote. Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50. Kwenye mgongo wa mashine utaona imeandikwa inataka volti ngapi. Ikiwa ni 220 hadi 240, au 230, endelea. Ikiwa ni 100, mashine hiyo ilitengenezewa Japani. Ikiwa ni 120, ilitengenezewa Marekani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya hapa, bahati yako ikiwa nzuri itakatika fyuzi. Bahati ikiwa mbaya utanusa moshi.

Hili si jambo la kinadharia pwani ya kusini. Vyombo vya mtumba vinatufikia kwa njia nyingi. Kuna wageni wanaofunga nyumba zao Diani na Galu na kurudi Ulaya. Vyombo vyao kwa kawaida ni volti 230, kwa hiyo ni salama, badilisha plagi tu. Kuna vinavyoingia na makontena. Na kuna vinavyoletwa na ndugu zetu walio Ghuba. Vya Oman na Dubai havina shida ya volti. Vya Saudi Arabia soma mara mbili, maana kwa miaka mingi nyumba nyingi za huko zilitumia volti 127, na stima yao ni hezi 60.

Mashine nyingine zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua volti. Hizo ni nzuri, lakini hakikisha swichi imeelekezwa 240 kabla ya kuchomeka. Kama haina, muuzaji atakwambia, "Weka transfoma tu." Transfoma ya kubeba risiva ya wati mia kadhaa ni nzito, ni ya bei, na yenyewe inapata joto. Ijumlishe kwenye bei ya mashine, ndipo uone kama ile "rahisi" bado ni rahisi.

2. Wati: hapa ndipo tunapoibiwa

Kwenye katoni: WATI 12,000 PMPO. Tufanye hesabu ya darasa la nane. Wati ni volti mara ampea. Wati 12,000 ugawanye kwa volti 240, unapata ampea 50. Sasa itazame plagi ya pini tatu iliyo ukutani kwako. Fyuzi yake kubwa kabisa ni ampea 13. Ampea 13 mara volti 240 ni wati 3,120. Soketi yako nzima, ambayo ni ile ile inayochemsha maji na kupiga pasi, haiwezi kutoa hata theluthi moja ya kile katoni inachodai!

Geuza. Kibandiko cha nyuma cha ile seti aliyoonyeshwa mjomba kilisema inakula wati 65. Sitini na tano, kwa spika sita, na ndani ya hizo kuna wati zinazoishia kwenye joto, taa na redio. Hakuna mashine inayotoa nguvu nyingi kuliko inayoingiza, la sivyo tungeiunganisha na gridi tuuze stima sisi wenyewe.

PMPO ni namba isiyo na kipimo kinachoeleweka. Mtengenezaji anaweza kuandika 3,000 au 30,000, na hakuna atakayemwuliza alipimaje. Namba ya kutafuta ni RMS, yaani wati anazoweza kuzitoa mfululizo, tena iandikwe kwa omu ngapi na kwa spika ngapi zikilia pamoja. Marekani walichoka na mchezo huu zamani, wakaweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya mwaka 1974.

Lakini na sisi tuwe waadilifu. Hata risiva nzuri za kampuni kubwa hucheza kidogo. Utaona "wati 100 kwa kila spika, spika 7", na nyuma kibandiko kinasema wati 400. Mia mara saba ni mia saba, imekuwaje? Mara nyingi ile 100 imepimwa spika mbili tu zikilia. Na kibandiko nacho si ukomo kamili, kwa sababu mlio wa ghafla hupata nguvu ya ziada iliyohifadhiwa ndani kwa muda mfupi. Ila mia nne dhidi ya mia saba ni chumvi kidogo kwenye mchuzi. Sitini na tano dhidi ya elfu kumi na mbili ni bahari.

Tena jueni hili, maana litawaokoa pesa: ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Ili sikio la kawaida liseme "hii ni kubwa mara mbili", wahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Tofauti ya risiva ya wati 80 na ya wati 100 ni kama desibeli moja. Sikio litasikia kwa shida, lakini mfuko utasikia vizuri sana. Kinachobadilisha mambo ni spika yenyewe. Nyuma ya spika nzuri huandikwa inatoa desibeli ngapi kwa wati moja, umbali wa mita moja. Yenye 91 badala ya 88 imekupa sawasawa na kuongeza nguvu ya risiva mara mbili, bila kuongeza stima hata chembe.

3. Milango ya kuingiza

Hesabu milango ya HDMI, kisha tafuta mmoja wa kutoa ulioandikwa ARC. Herufi hizo tatu maana yake ni kwamba sauti inaweza kurudi kutoka TV hadi risiva kwa kebo ile ile inayopeleka picha. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Mdogo wake, eARC, alikuja na HDMI 2.1 mwaka 2017 na anabeba sauti ambayo haijaminywa. Lakini ARC lazima iwe pande zote mbili, kwa hiyo kabla ya kwenda dukani isome na TV yako mgongoni! Piga picha kwa simu uende nayo.

Tafuta pia mlango wa kebo ya mwanga. Ni kitundu cha mraba chenye kifuniko, na kile cha kutoa kilicho kwenye TV huonyesha taa nyekundu chombo kikiwashwa. Huo hupitisha stirio na 5.1 za kawaida za Dolby Digital na DTS. Ni wa zamani, lakini ni mlango wa akiba wenye thamani. Radi au stima ya kishindo ikipiga, sehemu ya HDMI huwa miongoni mwa za kwanza kufa, na kubadilisha bodi yake si kazi ya kila fundi. Risiva yenye milango ya aina nyingi itaendelea kulia hata mmoja ukifa.

Na hapa kuna habari njema kwa wa mtumba. Risiva ya mwaka 2010 haitapitisha picha ya 4K ya leo ipasavyo. Sawa, isipitishe! Chomeka vyombo vyako kwenye TV, picha ibaki huko, na sauti tu ndiyo iteremke kwa ARC au kwa kebo ya mwanga. Watu wanatupa mashine imara zenye transfoma za kilo kadhaa kwa sababu ya picha, na kazi ya risiva ni sauti.

Jiulize pia wewe unatazama nini. Vipindi vingi vya kawaida vya runinga zetu na video nyingi za YouTube huja kwa stirio, yaani njia mbili. Filamu iliyominywa ili iingie kwenye fleshi mara nyingi imebaki na njia mbili. Filamu ya DVD halisi na nyingi za Netflix zina 5.1. Kama asilimia kubwa ya jioni zako ni taarifa ya habari, mpira na filamu za DJ Afro, usinunue mashine ya spika tisa. Risiva inaweza kuzitawanya njia mbili hizo kwa spika zote kwa kukisia, lakini kukisia ni kukisia.

4. Vishikio vya spika

Kila njia ya sauti ina vishikio viwili, chekundu na cheusi. Vihesabu, usihesabu maandishi ya usoni. Vya kukaza kwa kuzungusha ni bora kuliko vya kubana kwa springi, hasa kwetu. Hewa ya Kinondo ina chumvi, upepo ukiwa wa kusi au wa kaskazi, na chumvi hula shaba ya waya pale inapogusa. Kishikio cha kukaza unaweza kukifungua kila baada ya miezi kadhaa, ukakata ncha iliyogeuka kijani, ukafunga upya.

Ukiona badala ya vishikio kuna plagi za plastiki za rangi rangi, hiyo ni seti ya katoni moja. Spika zake ni zake peke yake. Spika moja ikifa utatafuta ya aina ile ile, na usipoipata seti nzima ni pambo.

Pembeni ya vishikio huandikwa omu, kwa mfano 6 hadi 16. Hiyo ndiyo aina ya mzigo mashine inaouvumilia. Spika nyingi za seti za katoni ni za omu 3 au 4. Fundi akikwambia "hizo za zamani zichomeke tu kwenye risiva mpya", mwambie asome namba zote mbili kwa sauti. Omu zikishuka, mkondo unapanda na mashine inachemka. Na subwufa? Risiva nyingi zina kitundu kimoja tu cha kwenda kwenye subwufa yenye stima yake yenyewe. Subwufa ya katoni isiyo na plagi ya ukutani haitalia hapo.

Halafu kuna Atmos, inayotaka sauti ishuke kutoka juu. Dolby waliileta sinema mwaka 2012, na majumbani mwaka 2014. Kama huwezi kutundika spika darini, wanauza spika zinazoelekezwa juu ili sauti igonge dari na kurudi. Lakini Dolby wenyewe wanataka dari tambarare na ngumu. Sasa niambieni, makuti yana dari gani? Paa la makuti limeinama, lina manyoya, linaimeza sauti yote. Ni paa zuri kwa joto, na kwa Atmos ya kugonga ni pesa zilizotupwa mwituni. Mabati yasiyo na dari nayo yameinama. Kama nyumba yako ni hiyo, usilipie neno hilo.

5. Matundu ya hewa

Washa tochi ya simu, chungulia ndani kupitia matundu. Unatafuta vitu vitatu: kutu, mchanga wa sisimizi, na mayai ya mjusi. Msicheke! Risiva ina joto zuri usiku kucha, na mjusi kafiri hajui tofauti ya transfoma na jiwe la jua. Akikanyaga mahali pabaya, amekufa yeye na imekufa mashine. Mashine yenye kutu ndani imeishi karibu na bahari bila kutumiwa. Mashine inayotumiwa kila siku hujikausha yenyewe kwa joto lake.

Ukifika nyumbani, iache nafasi juu na pembeni. Usiifunike kitambaa cha kufuma, hata kama bibi amekifuma kwa mapenzi. Na usiichomeke bila kile kifaa kinachokata stima inapopanda au kushuka kupita kiasi, maana kwetu stima haipotei kwa ustaarabu wala hairudi kwa ustaarabu. Msimu wa masika, radi zikianza, chomoa plagi, na waya wa antena pia.

Mambo mawili ambayo hayako nyuma

Msimamo wangu una mipaka, na ni vizuri niitaje. Kuna kitundu kimoja muhimu ambacho mara nyingi kiko usoni: cha maikrofoni ndogo ya kupima chumba. Unaiweka unapokaa, mashine inatoa milio, inajipangia umbali na nguvu ya kila spika. Denon hutumia mfumo unaoitwa Audyssey, Yamaha wana YPAO, Pioneer wana MCACC. Ukinunua mtumba, dai maikrofoni hiyo na rimoti yake. Bila rimoti, mipangilio mingi huifikii.

La pili ni chumba chenyewe. Sebule zetu nyingi ni kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji au vigae, na madirisha. Ukipiga kofi unasikia mwangwi. Mwangwi huo ndio unaokula maneno ya waigizaji, na hakuna risiva inayouondoa wote. Mkeka mzito au zulia mbele ya TV, mapazia ya kitambaa kizito, makochi ya nguo, kabati la vitabu ukutani: hivyo vitakusaidia kuliko spika ya sita na ya saba. Tena ni vitu ambavyo mke, mama au dada hatagombana nawe kuvileta ndani.

Kwa hiyo nunua nini?

Maoni yangu, na najua wapo watakaopinga: anza na spika tatu za mbele na risiva ya 5.1 isiyo na makuu. Za nyuma zitakuja baadaye, na risiva inakuruhusu kuiambia kwamba hazipo. Ile ya katikati ndiyo mfalme. Kwenye filamu, mazungumzo mengi yamepelekwa huko. Ukiwa na spika ya katikati yake peke yake, unaweza kuipandisha maneno bila kupandisha mabomu. Hilo ndilo alilolihitaji mjomba, na ndilo lisiloweza kutolewa na taa zinazocheza. Risiva nyingi pia zina mpangilio wa usiku, unaopunguza milipuko na kuinua minong'ono. Utumieni. Kinondo ni kimya, na ngurumo ya subwufa hupita kuta tatu. Jirani anayeamka kwa swala ya alfajiri hakununua tiketi ya filamu yako.

Pesa zigaweni hivi: kwenye kila shilingi kumi, sita ziende kwenye spika, tatu kwenye risiva, moja kwenye waya na kinga ya stima. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu risiva ndiyo yenye vitufe. Spika nzuri zitakaa miaka ishirini. Risiva utaibadilisha.

Na saundiba je? Sina ugomvi nayo. Kama umepanga chumba kimoja Ukunda na huna hakika mwakani utakuwa wapi, nunua saundiba nzuri yenye ARC ulale usingizi. Ila ujue unanunua kitu kizima kisichogawanyika: kikifa kipande, kimekufa chote. Risiva na spika ni kama programu iliyoandikwa kwa vipande, unabadilisha kilichoharibika na vingine vinaendelea. Kwa mtu mwenye nyumba yake na pesa ya mara moja, mimi nachagua vipande.

Mkienda dukani, iwe Ukunda au mmevuka Likoni hadi Mombasa, fanyeni hivi kwa mpangilio:

- Geuza mashine, soma volti. Si 220 hadi 240? Ondoka.
- Soma wati inazokula, linganisha na wati inazojisifia.
- Hesabu HDMI, tafuta ARC na mlango wa mwanga. Linganisha na picha ya mgongo wa TV yako.
- Hesabu vishikio, soma omu, linganisha na spika.
- Chungulia kwa tochi.
- Iwashwe, iachwe ilie nusu saa. Peleka fleshi yako yenye filamu unayoijua, na usikilize maneno kwanza, mabomu baadaye.

Hayo yote hayachukui saa moja, na hayahitaji digrii. Muuzaji mwaminifu atakusaidia kuishika mashine ukiigeuza. Anayekataza isiguswe amekwisha kukujibu, nenda duka la pili.

Haya, kwa leo ni hayo. Mwenye mgongo wa risiva asiouelewa aupige picha aniletee, tutausoma pamoja. Wiki ijayo, inshallah, tunarudi kwenye hifadhidata.